Auti Moja Iliyobaki

Doha, Jumamosi, 12 Februari 2011

Mama Benard,

Sauti imenikauka kabisa, nikiongea natoa mluzi, kwa hiyo wacha vidole viseme. Tumeshinda mechi ya kwanza! Matokeo: walinzi saba, Wafilipino wa jikoni sita. Bado moja tu tuwe mabingwa.

Najua mama mkwe wako atakuuliza tena hii besiboli ni kitu gani. Mwambie ni mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo. Mwambie tulifundishwa na Herbert, yule Mganda aliyeucheza tangu shule ya msingi Kampala, na kwamba mrushaji wetu ni mumeo Tony, mwanawe yeye mwenyewe. Wafilipino wamechukua kombe la wafanyakazi kila mwaka tangu ligi ianze. Sasa fainali ni mechi tatu, atakayeshinda mbili ndiye bingwa, na vijana wetu wa ulinzi wamewatangulia. Hapa Al Thumama watu walisimama juu ya paa za magari. Reuben, mlinzi mwenzake shemeji, alilia, mtu mzima na ndevu zake.

Tangu uondoke na ujauzito wako hakuna anayejua kushangilia kwa kupiga sufuria kama wewe. Nilijaribu. Wakaniambia Damaris, wewe tandika vitanda vya hoteli tu, sufuria mwachie Hannah.

Shemeji alirusha vizuri sana. Baada ya mechi alienda kukaa peke yake, alikuwa amechoka. Usiwe na wasiwasi. Mbusu Benard kwenye shavu lile nono la kuuma.

Wako,
Damaris


Kitale, Jumatano, 16 Februari 2011

Damaris wangu,

Nimesoma barua pepe yako hapa cyber nikapiga kelele, mwenye duka akaniuliza kama kuna msiba. Saba kwa sita! Na mimi nilikuwa nachambua maharagwe siku hiyo.

Lakini hujanisimulia. Ni nani aliyefunga? Wafilipino walifanya nini na nyuso zao? Na huyo baba Benard, mbona akae peke yake? Namjua. Wakishinda hata mechi ya mazoezi, anacheza densi ile yake ya mabega mpaka watu wanaona haya. Jumapili alipopiga simu aliongea kidogo sana. Nikamuuliza mchezo, akasema, "Ulikuwa poa." Mtu ameshinda fainali anasema ulikuwa poa!

Nawe umeandika "usiwe na wasiwasi" na mimi sikuwa nao. Sasa ninao.

Niambie mechi ya pili yote, mpaka vumbi.

Hannah


Doha, Jumamosi, 19 Februari 2011

Mama Benard,

Tumepoteza. Tisa kwa mbili. Sina hamu ya kueleza sana. Upepo ulikuwa mwingi, mchanga machoni, na Wafilipino walikuja wamekasirika. Mipira ya Tony ilikuwa inakwenda pembeni, wanapewa kituo cha bure bila hata kupiga, mmoja baada ya mwingine. Watu wetu walianza kumzomea. Wale wale waliombeba mabegani wiki iliyopita.

Mechi ya tatu ni tarehe nne Machi, kwa sababu Ijumaa ijayo uwanja una watu wa kriketi. Huku ni hiyo tu inayoongelewa. Kwenye basi la wafanyakazi, kantini, hata kanisani Mesaimeer mchungaji ametutania. Vijana hawalali. Kuna msimamizi mmoja wa Kifilipino pale hotelini The Pearl ambaye kila akinipita kwenye korido ananionyesha vidole tisa, halafu viwili.

Mengine muulize shemeji mwenyewe. Tafadhali muulize, na asipokujibu, muulize tena.

Damaris


Kitale, Jumatano, 23 Februari 2011

Damaris,

Nimemuuliza. Amesema hakuna kitu. Nikamuuliza tena kama ulivyoniagiza, akakasirika.

Jana jioni alipiga simu, siku ambayo hapigi kamwe. Alianza kusema jambo, akanyamaza. Na katika kule kunyamaza nikasikia sauti ya mwanamke karibu naye ikisema, "Mwambie basi." Simu ikakatika.

Niliishi nawe chumba kimoja miaka mitatu. Sauti yako naijua hata ukikohoa.

Aniambie nini, Damaris? Na ulikuwa unafanya nini na mume wangu Jumanne jioni?

Hannah


Doha, Alhamisi, 24 Februari 2011

Hannah dada yangu,

Nilimwahidi nisiseme. Nilitaka aseme mwenyewe. Jumanne alileta gari la doria mpaka geti la wafanyakazi la hoteli yetu, nikamfuata pale nikamwambia mpigie mkeo sasa hivi, mbele yangu. Ndiyo sauti uliyoisikia. Alishindwa. Basi nasema mimi.

Mechi ya kwanza, mpira ulidunda chini ukampata kwenye jicho la kushoto. Alianguka, akainuka, akacheka, akaendelea. Sikukuandikia kwa sababu sote tulidhani ni uvimbe tu. Lakini kesho yake alianza kuona vitu vyeusi vinaelea kama inzi. Halafu mwanga unamulika, hata akifumba jicho. Sasa kuna kivuli kimeingia kutoka upande wa kushoto, anasema ni kama mtu anamvutia pazia polepole. Ijumaa ile ya mechi ya pili, baada ya ibada ya jioni, Reuben alimnyooshea mkono kutoka upande huo, Tony akampita. Reuben akadhani amemnunia kwa sababu ya kuzomewa. Mimi nikamvuta pembeni, ndipo akaniambia.

Nilimuuliza Miriam, yule nesi wa kwaya, bila kutaja jina. Aliacha kukunja nguo za kwaya akanitazama. "Huyo mtu yuko wapi? Apelekwe leo. Hiyo kitu ya nyuma ya jicho ikishaachia yote, haishikiki tena."

Nimemwambia shemeji. Anasema akienda kupimwa watajua haoni, watamnyang'anya gari na kumrudisha nyumbani. Anasema wacha amalize fainali, atakwenda Jumamosi yake. Nimembembeleza, nimemgombeza. Hannah, mimi si kitu kwake. Wewe ndiye mkewe. Umsomee hii barua au usimsomee, lakini mpigie.

Damaris


Kitale, Jumatano, 2 Machi 2011

Damaris,

Barua yako nimeisoma leo, leo ndiyo siku yangu ya kuja mjini. Nimempigia Tony nikiwa nimesimama nje ya cyber, mtoto mgongoni.

Amecheka. Amesema alipigwa na mpira, ndiyo, akavimba siku mbili, ikaisha. Anasema anaendesha gari kila siku, sasa kipofu anaendeshaje gari? Anasema wewe ndiye umeanza kumfuatafuata, kila Ijumaa uko naye pembeni, mpaka wenzake wanamtania. Nikamwambia aapie mtoto. Ameapa.

Kwa hiyo mmoja wenu ananidanganya. Yeye ni mume wangu. Wewe ni mtu unayejua kivuli kiko upande gani wa jicho lake, kitu ambacho mimi mkewe sikijui. Umelitazama jicho hilo kwa ukaribu gani?

Sitaki kukuita jina baya. Nakuomba tu umwache acheze mpira wake, na umwache kabisa.

Hannah


Doha, Jumamosi, 5 Machi 2011

Mke wangu,

Rafiki yako amenivua nguo mbele ya watu wote wa Doha.

Nitakueleza kabla hujasikia kwa mwingine. Raundi ya mwisho. Tunaongoza tano kwa nne. Wafilipino wana mtu kituo cha pili na mwingine cha tatu, na wapigaji wao wawili tumeshawatoa, auti ya tatu inamaliza mechi. Bado auti moja, Hannah. Moja! Tuipate, kombe ni letu. Watu wamesimama, hakuna aliyekaa, Wakenya, Waganda, Watanzania, wote wanaimba jina langu. Wale walionizomea juzi.

Nikainama kufuta mkono kwenye mchanga. Nikasikia kelele zimebadilika, nikadhani wanamzomea mpigaji. Nikainuka, nikajiweka sawa, na hapo kitu kikanigusa bega. Niliruka kama mtu aliyekanyaga nyoka. Ni Damaris. Ameingia mpaka katikati ya uwanja na viatu vyake vya kanisani.

Nikamwambia, "Una wazimu? Toka!"

Alikuwa anaongea na Herbert, ambaye amekuja mbio kumtoa. Herbert anapiga kelele, "Dada, auti moja tu! Moja! Utaongea naye baadaye!" Naye Damaris akamwambia, taratibu kabisa, "Kocha, umeniona nilivyosimama hapa kushoto kwake. Umeniona nikimpungia mkono karibu nimguse uso. Yeye ameniona?"

Herbert akanitazama. Akaja yeye mwenyewe upande ule, akasimama, akaniambia, "Tony, ni vidole vingapi?" Nikageuza kichwa. Akanishika kidevu akakirudisha mbele. "Usigeuke. Vingapi?"

Unajua ninavyobahatisha. Nikasema vitatu. Havikuwa vitatu.

Herbert akanivua glavu kama unavyomvua mtoto kiatu. Akasema, "Nimekuwa nakuacha usimame hapo mipira ije usoni kwako." Machozi yanamtoka. Akamwita Reuben arushe badala yangu. Reuben hakuwa hata amepasha mkono moto.

Sikungoja. Nilikwenda kukaa garini nikafunga vioo. Nikasikia tu Wafilipino wakishangilia.

Miezi yote ile ya kufanya mazoezi baada ya zamu, joto la kuyeyusha viatu. Huyo mwanamke ameyatupa kwa dakika moja. Sitaki kumsikia.

Hannah, niliapa kwa mtoto. Nakuandikia kwa jicho moja. Lile lingine tangu jana jioni limebaki na upenyo mdogo upande wa pua, mengine yote ni kijivu. Niliogopa. Sikuwa naogopa kupofuka, niliogopa kurudi hapo nyumbani nikiwa mtu wa kushikwa mkono.

Herbert na Miriam wako mlangoni wananingoja twende hospitali. Nimewaambia wangoje nimalize.

Tony


Kitale, Jumatano, 9 Machi 2011

Damaris,

Tony amenieleza yote. Herbert pia amenipigia, amesema wamemfanyia operesheni Jumapili na amelala kifudifudi, haruhusiwi kuinua kichwa.

Nilichokuandikia wiki ile, nikikikumbuka nashindwa kula. Nijibu hata neno moja.

Hannah


Kitale, Jumatano, 16 Machi 2011

Nimekuja tena. Hakuna barua yako. Nimekaa hapa mpaka mwenye cyber akaniambia muda umeisha.

Nitukane basi. Lakini andika.

H.


Doha, Jumamosi, 26 Machi 2011

Hannah,

Nilizipata zote. Sikujua nikuandikie nini, na hata sasa sijui vizuri.

Shemeji ametoka hospitali. Daktari anasema ameokoa sehemu. Anaona mwanga na umbo la mtu kwa jicho hilo, uso hautambui. Angekwenda mapema angeona zaidi, angengoja tena hata hicho kidogo asingekipata. Kampuni imemwondoa kwenye gari. Wanamtengenezea karatasi za kurudi. Haya naambiwa na Miriam, mimi mwenyewe sijamwona. Nilipeleka supu mara moja, Herbert akaipokea mlangoni, na nyuma yake nikasikia Tony akisema, "Kama ni yeye, irudishe." Herbert hakuirudisha. Alikunywa yeye, nadhani.

Habari zangu ni hizi. Kwenye basi kiti cha karibu yangu hakikaliwi. Wanajua sasa kuhusu jicho, kila mtu anajua, lakini wanasema ningengoja auti moja. Msichana mmoja wa Mombasa ninayelala naye chumba kimoja ameniambia, "Dada, si ulikuwa umengoja wiki mbili? Dakika moja ingekuua?" Nimekuwa naenda Mesaimeer ibada ya asubuhi, ile ya watu wachache.

Na wewe. Wale wa kwenye basi hawanijui. Wewe ulinishika mkono usiku ule mama alipofariki na mwajiri akaninyima ruhusa ya kwenda kuzika. Nilipokuwa natembea kuingia ule uwanja, si Tony niliyekuwa namfikiria. Nilikuwa nasema moyoni, Hannah akiona hili atasema nilimpenda mumewe.

Sijakasirika tena. Nimechoka tu. Nipe muda.

Damaris


Kitale, Jumatano, 18 Mei 2011

Damaris,

Nimekupa muda, sasa naandika, usiponijibu ni sawa.

Tony amefika tangu mwezi uliopita. Benard alimkimbia siku ya kwanza kwa sababu ya ile miwani nyeusi, siku ya tatu akamnyang'anya miwani yenyewe. Anasimamia mashine ya kusaga mahindi ya mjomba wake. Anagonga milango kwa bega la kushoto. Wakimcheka, anacheka nao, halafu jioni hasemi na mtu.

Nami nilimwambia jambo. Nilimwambia, "Uliapa kwa mtoto wangu, ukanifanya nimtupe dada yangu." Tulilala bila kuongea siku nyingi. Nakuambia ili ujue kwamba sikulimeza.

Mimi nilikuwa na barua yako mbele yangu, ina kila kitu, mpaka alichosema nesi. Nikachagua kuamini kicheko chake. Ilikuwa rahisi zaidi kukuchukia wewe kuliko kuogopa jicho. Sijui kama mtu anasamehewa kitu kama hicho. Naomba tu.

Hannah


Kitale, Jumatano, 22 Juni 2011

Damaris,

Ni Tony. Hannah amenileta hapa cyber, amekaa nje na mtoto. Maandishi nimeyakuza kama ya mtoto wa chekechea.

Sikuandikii kukushukuru. Daktari wa hapa ameniambia ungengoja ningelipoteza jicho lote, na najua ninapaswa kusema asante, lakini kila nikitaka kulisema neno hilo linakwama. Nilikuita majina mabaya mbele ya watu na nilimdanganya mke wangu kuhusu wewe. Hilo naomba msamaha. Hilo ni lingine.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Nilikuwa garini, vioo vimefungwa. Nimemuuliza Herbert, anasema, "Wachana nayo, ilikuwa bahati mbaya." Nimemuuliza Reuben, akakata simu. Wote wananionea huruma. Wewe hukunionea huruma siku ile, kwa hiyo nakuuliza wewe. Baada ya kutoka mimi, ilikwendaje? Ningekuwa pale, tungeshinda?

Usinifiche.

Tony


Doha, Jumamosi, 25 Juni 2011

Shemeji,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nimemjibu Hannah kwanza, mbali na hii. Atakusomea akitaka.

Haya. Reuben alichukua mpira. Mimi walikuwa wamenitoa mpaka kwenye mstari, watu wananitukana, mwanamke mmoja amenimwagia maji, lakini niliona yote.

Wa kwanza aliurusha juu sana. Wa pili, straiki nzuri, mpigaji akaukosa. Watu wakaanza kuimba tena. Wa tatu yule Mfilipino aliupiga vibaya, Tony. Hakuupiga hata nusu. Ulitoka kwenye gongo ukabingirika chini polepole, laini, kuelekea kwa Reuben. Kila mtu alijua imeisha. Wafilipino wenyewe, wengine walishashika vichwa.

Reuben aliuokota. Alikuwa na nafasi ya kutosha ya kumrushia mwenzake wa kituo cha kwanza, hata kumpelekea akitembea. Aliurusha juu ya kichwa chake mpaka kwenye magari. Wale wawili wa kituo cha pili na cha tatu wakakimbia mpaka mwisho. Sita kwa tano. Reuben alibaki amesimama pale hata baada ya watu kuondoka. Herbert ndiye aliyemchukua.

Mpira ulikuja upande wa kulia. Nimejiuliza mara nyingi kama ulikuja kushoto, nilitamani uwe ulikuja kushoto kwa kasi, ili niwaambie watu wa kwenye basi kwamba ungekupata kichwani ukafa. Haukuja hivyo. Ulikuja kulia, polepole, upande wa jicho zima. Ungeuona. Ungeuokota na kuurusha vile unavyorusha, na kombe lingekuwa kwenye kile kibanda chenu cha zamu hadi leo.

Ndiyo, shemeji. Tungeshinda.

Sikulijua hilo nilipoingia. Sasa ninalijua. Na bado ningeingia.

Damaris